Lita Moja na Gramu 250: Kutoka Dutwa hadi Sirari

Dutwa ni kata iliyo kandokando ya barabara ya lami kati ya Bariadi na Lamadi, mkoani Simiyu. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Wageni wa mbali wameisikia zaidi kwa sababu ya nikeli iliyogunduliwa katika vilima vya Ngasamo na Wamangola, lakini wenyeji wanaijua kwa magunia ya pamba. Anayepanda basi hapo huteremka kuelekea ziwani, na Lamadi ndipo njia inapogawanyika: kushoto Magu na Mwanza, kulia Bunda, daraja la Kirumi juu ya mto Mara, Tarime, na mwisho Sirari. Ng'ambo ya Sirari ni Isebania, na hapo umekwisha kuingia Kenya, katika kaunti ya Migori.

Tumchukue mzee mmoja wa Dutwa, wa kubuni lakini wa kila siku, ambaye binti yake ameolewa Migori. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo begi lake limejaa: kitenge cha binti, karanga za wajukuu, chupa ya Konyagi ya mkwe mwenzake, pakiti nne za Portsman za kugawia wazee wa kule, na kopo la ugoro ambalo ni lake mwenyewe. Basi likishaipita Tarime, swali linaanza kumkaa moyoni. Vitu hivi vitapita? Atalipishwa? Atanyang'anywa?

Jibu limekwisha kuandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inampa abiria ruhusa ya kuingia bila ushuru na pombe kali isiyozidi lita moja, au mvinyo usiozidi lita mbili. Kwa tumbaku inataja sigara, sigara kubwa za kizungu, tumbaku ya kawaida na ugoro, jumla visizidi gramu 250. Sharti ni kwamba abiria awe ametimiza miaka 18. Naam, ugoro umetajwa kwa jina. Kopo la mzee wa Dutwa limo ndani ya sheria ya nchi zote za Jumuiya, na ruhusa hiyo ndogo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kumfikia mtu kama yeye.

Kabla ya kuwako mpaka, kulikuwa na hongo. Katika karne ya 19 neno hilo halikuwa na maana ya rushwa tunayoijua leo. Lilikuwa jina la ada halali: msafara ukipita katika nchi ya mtemi ulilipa vitambaa, shanga au nyaya za shaba, kisha ukaruhusiwa kuchota maji, kununua chakula na kuendelea. Misafara ya pwani ilifika Usukuma kwa utaratibu huo. John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Henry Morton Stanley alifika Kagehyi, pwani ya kusini ya ziwa hilo, Februari 1875, akiwa ameuchukulia mto Simiyu kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Wote wawili walilalamika sana juu ya hongo. Mtemi naye alikuwa na hoja yake: njia ni yake, maji ni yake, na mgeni mwenye mizigo mia si sawa na jirani anayekuja kumwona dada yake. Tofauti hiyo kati ya mfanyabiashara na jamaa anayesafiri ndiyo kiini cha jambo lote ninalolisimulia, na hakuna Mzungu aliyekuja kutufundisha.

Kisha mstari ukachorwa. Kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, mpaka ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro, ukanyooka hadi ziwani kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Wakurya wakajikuta pande mbili. Dutwa ikabaki upande wa Wajerumani, mbali kidogo na mstari, lakini ndani kabisa ya mstari mwingine ambao wachache wanaukumbuka.

Mstari huo wa pili ulitoka Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana huko yalitia saini mkataba wa kupinga biashara ya utumwa, na ndani yake yakaweka sura ya pombe kali. Sura hiyo ilihusu eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Dutwa iko takribani nyuzi mbili na nusu kusini. Imo katikati kabisa. Mahali ambapo watu hawakuwa na desturi ya kunywa pombe kali, iwe kwa dini au kwa sababu nyingine, kuiingiza na kuitengeneza kulipigwa marufuku. Kwingineko ilitozwa ushuru, na kima cha chini mwanzoni kilikuwa faranga 15 kwa kila lita 100, yaani senti 15 za faranga kwa lita. Mwaka 1899 kima hicho kikapandishwa hadi faranga 70, na mwaka 1906 hadi 100.

Nia ya mkataba ule ilikuwa na upande mwema. Jini na ramu za bei rahisi zilikuwa zimeleta maafa makubwa Afrika Magharibi, na waliopigania marufuku hawakuwa wanafiki wote. Lakini soma ibara ya 91. Baada ya kukataza, inaacha mlango: kiasi maalumu cha pombe kiruhusiwe kuingia kwa matumizi ya watu wasio wenyeji, kwa masharti ambayo kila serikali itajiwekea. Hapo ndipo ninapoona msamaha wa kwanza wa chupa katika historia ya mipaka yetu. Haukumuuliza mtu amebeba kiasi gani, wala ana umri gani, wala anakwenda kwa nani. Ulimuuliza ngozi yake.

Mlango huo haukufungwa Wajerumani walipoondoka. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 ulikataza kabisa pombe kali za biashara barani na kupandisha kima cha chini cha ushuru hadi faranga 800 kwa kila lita 100 za alkoholi halisi. Hati ya Udhamini wa Tanganyika, ya Julai 1922, iliitaka Uingereza kudhibiti vikali uuzaji wa vileo vikali. Serikali ya kikoloni ilitimiza agizo hilo kwa njia iliyoirahisishia kazi: Mwafrika wa kawaida alikatazwa pombe kali ya chupa, na ofisa Mzungu akainywa klabuni. Mzee wa Dutwa wa zamani hizo alikuwa na wanzuki na pombe ya mtama nyumbani kwake, wala hakuna aliyekuwa akitamani ramu kwa kufa na kupona. Jambo lililouma lilikuwa kuambiwa na sheria kwamba wewe ni mtoto. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na vikafutika polepole kadiri uhuru ulivyokaribia.

Kuhusu tumbaku mambo yalikwenda njia nyingine, na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917. Tanganyika ikasogea hatua kwa hatua, na kufikia 1927 bidhaa zilizotengenezwa katika nchi moja zilivuka kwenda nyingine bila ushuru wa forodha. Usukuma tayari ulikuwa umezoea njia za upande ule. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati reli ya Tabora haikufika Mwanza hadi 1928. Kwa zaidi ya robo karne pamba na ngozi za kusini mwa ziwa zilipakiwa melini Mwanza, zikashushwa Kisumu, zikaenda Mombasa. Mwaka 1949 idara za forodha zikafanywa kuwa moja kwa nchi zote tatu. Kwa hiyo katika miaka hiyo mtu aliyetoka Bariadi na sigara zilizotengenezwa Jinja mfukoni hakuhitaji msamaha wowote kwenye mpaka wa Kenya, kwa kuwa kwa bidhaa ile mpaka haukuwapo. Ukoloni uliotunyima mengi ulituachia jambo hilo moja, nasi baadaye tulilivunja kwa mikono yetu.

Wakati huohuo, mbali na huku, msamaha wa abiria ulikuwa ukibadilika sura. Usafiri wa ndege uliwaongeza watalii, na mwaka 1947 duka la kwanza la bidhaa zisizotozwa ushuru lilifunguliwa katika uwanja wa ndege wa Shannon, Ireland. Kisha, tarehe 4 Juni 1954, mataifa yalikubaliana mjini New York mkataba wa kurahisisha forodha kwa watalii. Ibara yake ya tatu ilitaja vipimo: sigara 200, au sigara kubwa 50, au gramu 250 za tumbaku, au mchanganyiko usiozidi gramu 250, chupa moja ya mvinyo na robo lita ya pombe kali. Hizi hapa gramu 250 zetu. Mkataba wa Kyoto wa 1973, ule wa kulinganisha taratibu za forodha duniani, uliporekebishwa mwaka 1999 ulipendekeza gramu hizohizo, pamoja na lita mbili za mvinyo au lita moja ya pombe kali. Weka pendekezo hilo kando ya Jedwali la Tano la Afrika Mashariki. Namba ni zilezile.

Lakini mtu wa New York mwaka 1954 alikuwa nani? Alikuwa mtalii. Alikuwa mtu mwenye tiketi ya kwenda na kurudi, kamera shingoni, na likizo ya wiki tatu. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na geti lake la magharibi, Ndabaka, liko jirani na Lamadi, mahali ambapo basi la mzee wetu hukata kona. Mtalii aliyetoka Nairobi kuja kuona nyumbu aliandikiwa sheria. Mkulima wa pamba aliyekuwa akilitazama gari la mtalii huyo likipita hakuandikiwa, ingawa yeye pia alikuwa msafiri, na safari zake zilikuwa za lazima zaidi: misiba, mahari, kumwuguza mzazi. Ukichunguza kwa makini, rangi ilikuwa imeondoka kwenye maandishi na pochi ikakaa mahali pake.

Uhuru ulipokuja, nchi tatu zikaanza kulinda viwanda vyao. Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mwaka huo. Ndani yake kulikuwa na kodi ya uhamisho, iliyoiruhusu nchi iliyokuwa ikinunua zaidi kuliko inavyouza kutoza bidhaa za jirani ili viwanda vyake vichanga vikue. Ilikuwa na haki yake; Kenya ilikuwa mbele kiviwanda na pengo lilikuwa likipanuka. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1961, na Tanzania haikutaka kukiona kikifa.

Kisha Februari 1977 ikafika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya iliyoundwa na mkataba wa 1967 ikavunjika mwaka huo. Magari ya watalii yaliyokuwa upande huu yalizuiwa, na hadi leo njia ya watalii kati ya Serengeti na Masai Mara kupitia Bologonja haijafunguliwa tena. Kwa watu wa Mara na Usukuma, kufungwa kwa Sirari kulikuwa kukatwa mkono. Miaka ya baada ya vita vya Uganda ilikuwa ya dhiki: sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vilikuwa haba madukani. Vitu hivyo vilivuka usiku kwa njia za panya, na neno magendo likawa neno la kila siku, kuanzia ofisini hadi jikoni. Machi 1983 serikali ilianzisha operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Walanguzi wakubwa walikuwapo kweli, na hasira ya wananchi juu yao ilikuwa ya haki. Lakini nadhani ndipo pia mazoea fulani yalipoingia katika damu yetu: kila aliyetoka mpakani na kifurushi alihesabiwa mlanguzi, na mtu alijifunza kuficha hata asichopaswa kuficha. Ile tofauti ya zamani, ya jamaa na mfanyabiashara, ikapotea. Novemba 1983 mpaka ulifunguliwa tena. Mazoea hayakuondoka na minyororo ya geti.

Kurudi kwa Jumuiya kulikwenda taratibu. Mkataba mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Umoja wa Forodha ikafuata tarehe 2 Machi 2004, na umoja wenyewe ukaanza tarehe 1 Januari 2005, pamoja na sheria niliyoanza nayo. Sasa msamaha haumwulizi mtu rangi wala haumwulizi kama ni mtalii. Unasema abiria. Abiria wa ndege wa Entebbe na abiria wa basi la Lamadi ni neno lilelile, na kila mmoja ana lita yake. Mume na mke wakisafiri pamoja wana lita mbili. Kijana wa miaka 17 hana hata tone.

Mtu atauliza: ikiwa kuna umoja wa forodha, kwa nini Konyagi ya Tanzania ihesabiwe lita Isebania? Kwa sababu umoja uliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi wanachama, lakini ushuru wa bidhaa, ule unaotozwa pombe na sigara hata zikitengenezwa hapa nyumbani, kila nchi inajipangia na kujikusanyia. Tanzania ilianza kubandika stempu za kodi za kielektroniki kwenye sigara na vileo Januari 2019. Kenya ilikuwa na zake tangu miaka ya nyuma. Chupa ya mzee ina stempu ya Tanzania na haina ya Kenya. Akiifungua na mkwe mwenzake baada ya chakula, ni zawadi. Akiiuza katika duka la Migori mjini, ni magendo, hata kama ni chupa moja. Kipimo cha lita moja kimewekwa hapo kwa sababu hiyo: ni makadirio ya kiasi ambacho mtu hunywa na jamaa zake, si kiasi cha kufungulia biashara.

Tena, msamaha wa ushuru hauhalalishi kilichokatazwa. Gongo limepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, na lita moja yake haipati kinga kwa kuwa ni lita moja. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Hata kifuko kimoja hakipati kinga. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kudhani kwamba kila kilicho chini ya kipimo kinapita.

Kuna sauti nyingine inayopaswa kusikika, na ninaiunga mkono ingawa inapunguza kile ninachokitetea. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazihimiza nchi kuzuia au kupunguza tumbaku isiyotozwa kodi inayoingizwa na wasafiri. Singapore haitoi msamaha wowote wa sigara. Australia ilishusha kipimo chake mwaka 2017 hadi sigara 25 pamoja na pakiti moja iliyofunguliwa. Tumbaku inaua, ugoro ukiwamo, na siku moja gramu 250 za Afrika Mashariki zinaweza kupungua. Zikipungua kwa ajili ya mapafu ya wajukuu, na zikapungua kwa wote, wa ndege na wa basi, sitakuwa na neno.

Linaloniuma ni jingine. Sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza. Mkataba wa 1999, katika ibara ya 137, ulikifanya Kiingereza lugha rasmi na kukiacha Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano. Matokeo yake ni kwamba mtu ambaye haki hii ndiyo yake hasa, aliyeanza safari alfajiri kutoka Dutwa, haijui. Asiyeijua hutetemeka mbele ya meza, hufunika kopo lake kwa kitenge, huanza kudanganya juu ya kitu ambacho angeweza kukitaja kwa sauti. Anayedanganya amejiweka mikononi mwa yeyote atakayemwuliza, na hapo ndipo neno hongo linapopata ile maana yake ya sasa. Ubao mmoja wa Kiswahili penye mlango, wenye mistari minne, ungeondoa woga huo kwa siku moja. Lita moja. Mvinyo lita mbili. Tumbaku gramu 250. Miaka 18. Ningependa kuuona ubao huo Sirari, Namanga, Holili, Mutukula, umeandikwa kwa herufi kubwa ambazo mzee asiye na miwani ataziona.

Sirari na Isebania leo ni kituo cha pamoja: maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na abiria husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Mzee wetu, kwa kuwa hadithi ni yangu na nimeamua ajue, anaweka begi mezani na kusema kabla hajaulizwa: Konyagi chupa moja, sigara pakiti nne, ugoro wangu huu. Sigara 80 hazifiki hata gramu 100. Chupa ni ya mililita 750. Kopo linafunguliwa, harufu inapanda, ofisa anapiga chafya, begi linafungwa.

Wiki moja baadaye anarudi. Binti amempa chupa ya Kenya Cane, na mkwe amemtilia pakiti mbili za Sportsman, ambazo kwa Kenya ndizo kama Portsman zetu; herufi moja tu inazitofautisha. Anazitaja tena, kwa utaratibu uleule, mbele ya meza ya Tanzania. Kirumi, Bunda, Lamadi, kisha kushoto kupandisha kuelekea Dutwa jioni ikiingia. Kopo la ugoro limerudi na nusu yake. Nusu nyingine imebaki Migori, kwa mkwe mwenzake, aliyekuwa ameomba aonje tu.